Maji kwenye dizeli: kisa cha taa iliyowaka kila lori lilipopanda mlima

Lori lilifika karakana likivutwa kwa mnyororo. La matairi kumi, injini ya komoni reli (ile inayopuliza dizeli kwa presha kubwa sana), tenki mbili za dizeli, kila moja lita 400. Dereva alishuka maneno yakiwa tayari mdomoni, nami nayaandika kama alivyoyasema kwa kuwa nusu ya jibu ilikuwa humo humo.

“Fundi, hii taa ya maji inawaka nikipanda mlima. Nikianza kushuka, inazima. Wamesema ni waya, wakasafisha plagi. Wakabadilisha chujio. Mimi mwenyewe nimemwaga maji mara tatu wiki hii. Jana nimemwaga tena, nikaondoka, hata kilomita mbili sijafika likaanza kumisi, likazima. Tangu hapo ni kupiga stata tu, mpaka betri zimelala.”

Nikamuuliza: maji aliyomwaga yalikuwa na rangi gani, na yalikuwa kiasi gani? Akanitazama kidogo. “Maji tu, fundi. Yaliingia mchangani.”

Mara tatu lori lilitoa ushahidi, na mara tatu ushahidi ukanywewa na mchanga kabla ya mtu kuutazama. Simlaumu. Madereva wengi, na mafundi wengi pia, wamefundishwa kwamba kazi ni kufungua koki mpaka maji yaishe, kisha kufunga. Ila chujio la kutenganisha maji, lile tunaloliita sedimenta, halizalishi maji. Linayakamata tu. Kinachotoka kwenye koki ndicho kinachoeleza yameingilia wapi, na kwa lori hili hakuna aliyekuwa amekisoma.

Magonjwa mawili

Tuliunga betri nyingine. Injini ikashika baada ya stata ndefu, ikawa inapanda na kushuka yenyewe bila kukanyagwa, moshi mweupe ukatoka, na baada ya nusu dakika hivi ikazima. Maji yanaweza kufanya hivyo. Upepo pia, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Kwa hiyo nilifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani katikati ya sedimenta na pampu ya kuvuta mafuta, tukapiga stata tena. Mapovu yalipita mfululizo, makubwa kwa madogo. Kilicholizima lori barabarani kilikuwa upepo. Maji yalikuwepo, lakini yalikuwa ugonjwa wa kwanza; wa pili uliletwa na matibabu.

“Ulimwagaje?” nikamuuliza.

“Nilizima, nikafungua koki. Tone moja, mawili, basi, hayatoki. Nikawasha ili pampu isukume.”

Alichofikiri kina mantiki, ila kwenye malori mengi pampu haisukumi mafuta kuyaleta kwenye sedimenta. Inayavuta kuyapitisha humo. Sedimenta imewekwa kati ya tenki na pampu makusudi: dizeli ina uzito wa takriban gramu 820 hadi 845 kwa lita, maji ni gramu 1,000, na tofauti hiyo ndogo inahitaji utulivu ili matone yazame. Yakishapita kwenye pampu yanapondwa kuwa ukungu mwembamba ambao hauzami kirahisi. Basi upande huo wote wa mfumo uko chini ya mvuto wa pampu. Ukifungua koki ya chini injini ikiwa imezimwa na juu kumezibwa, mafuta yananing’inia ndani kama maji kwenye mrija uliozibwa kwa kidole. Ukiwasha injini koki ikiwa wazi, badala ya maji kutoka nje, hewa inaingia ndani. Dawa yake ni skrubu ndogo iliyo juu, kwenye kichwa cha sedimenta. Ilegeze kwanza, hewa iingie kwa juu, na maji yatateremka yenyewe kwa uzito wake. Dereva hakuwahi kuonyeshwa skrubu hiyo. Ilikuwa imefunikwa na vumbi lililoshikana na mafuta hata mimi nikaitafuta kwa kidole. (Zipo injini ambazo mtengenezaji ameweka pampu ya umeme kabla ya chujio, na utaratibu wake ni mwingine. Kitabu cha gari ndicho kinachosema.)

Kile chupa ilichosema

Nililiacha lori lisimame usiku mzima mahali tambarare ili kilichomo kitulie. Asubuhi nilifuta koki na sehemu zote za jirani yake, nikaweka chini chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikalegeza skrubu ya juu, kisha nikafungua koki taratibu, robo mzunguko tu. Ukifungua kwa pupa, maji na dizeli vinachanganyika hapo hapo na husomi kitu.

Kwanza lilitoka donge la utelezi wa rangi ya kahawia, likaning’inia kwenye mdomo wa koki kama kamasi kabla ya kuanguka. Yakafuata maji karibu meupe kabisa, mengi kuliko nilivyotegemea, kama mililita 300. Halafu mkondo ukabadilika: ukawa mnene kidogo, ukapoteza mng’aro wa maji, ukaanza kunuka dizeli. Nikafunga, nikaiacha chupa juu ya meza kwa saa moja.

Ilijipanga matabaka matatu. Chini maji. Juu dizeli, lakini dizeli yenye ukungu: nilipoweka karatasi yenye maandishi nyuma ya chupa, herufi zilionekana kwa shida. Katikati, pale maji na dizeli vinapokutana, utando mwembamba wa kahawia wenye nyuzinyuzi. Ili dereva aamini kwa macho yake, nilidondosha tone moja la rangi ya kupikia. Lilishuka kwenye dizeli likiwa duara zima, halikuchanganyika hata kidogo, na lilipogusa tabaka la chini likapasuka na kuyapaka maji yote wekundu. Akasema, “Kumbe.”

Nilivyoisoma mimi chupa ile: maji meupe, yasiyo na kutu wala tope, hayajakaa siku nyingi, kwa hiyo yanaendelea kuingia. Utando wa kahawia, kinyume chake, ni wa muda. Huo ni ukoo wa bakteria na kuvu wanaoishi pale mpakani: maji wanayahitaji ili waishi, dizeli ndiyo chakula chao, na uchafu wao una asidi inayokula chuma. Hawamei ndani ya bakuli la chini ya sedimenta, linalomwagwa mara tatu kwa wiki. Walikuwa wamekaa kwao mahali fulani, na mahali pekee penye utulivu wa kutosha ni sakafu ya tenki. Nao ukungu ulinionya kwamba sehemu ya maji ilikuwa imeshakuwa matone madogo mno ambayo bakuli peke yake lisingeyakamata.

Nilipofungua

Chujio lilikuwa jipya kwa nje, kweli lilibadilishwa. Ila nilipolifungua, mkono ukahisi kitu: liliachia haraka mno, robo mzunguko likawa limelegea. Nikapitisha ukucha kwenye kichwa. Mpira wa zamani wa duara ulikuwa bado umenata pale juu, mweusi, umelala kwenye mfereji wake kana kwamba ni sehemu ya chuma. Aliyefunga chujio jipya aliuweka mpira mpya juu ya wa zamani. Mipira miwili ikibanana hivyo haivujishi mafuta nje, kwa hiyo huoni tone. Kwa kuwa upande ule ni wa mvuto, inachovuja ni hewa kuingia ndani, kimya kimya. Kwa miaka yangu kwenye kazi hii, hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote kwenye sedimenta, na linaepukika kwa sekunde tano za kupitisha kidole.

Bakuli la plastiki nalo lilikuwa na habari yake. Badala ya kuonyesha ndani, lilikuwa na weupe kama kioo kilichopumuliwa, na karibu na uzi wa koki mistari midogo kama nywele. Hapo lilisafishwa kwa dawa ya kusafishia breki au kitu cha ukoo huo. Dawa hizo huondoa uchafu haraka na huchosha plastiki haraka vilevile. Halikuwa limepasuka, lakini sikukubali kulirudisha. Bakuli likipasuka barabarani gari linazima na dizeli inamwagika. Niliagiza jipya.

Usafishaji wenyewe hauna maajabu: dizeli safi na brashi laini, kisha maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, halafu kausha mpaka usione unyevu. Petroli hapana, kwa sababu ya plastiki na kwa sababu ya moto. Wala usitumie kitambaa kinachoachia nyuzi. Unyuzi mmoja ukishika kwenye kiti cha koki, koki haifungi tena sawasawa. Kwenye koki ya lori hili nilikuta chembe ya mchanga imejikita kwenye mpira wake mdogo, na hapo pia palikuwa na njia ya upepo.

Sensa, kile kifaa kinachowasha taa ya maji, niliipa dakika zake kwa sababu ndiyo iliyosingiziwa. Ni vijiti viwili vya chuma. Dizeli haipitishi umeme, maji yanapitisha, basi maji yakivifikia vijiti vyote viwili, taa inawaka. Nilifuta utelezi uliovizunguka, nikaunga plagi, nikafungua swichi, nikavichovya kwenye kikombe cha maji. Taa ikawaka. Nikavikausha, ikazima. Nikarudia mara mbili. Sensa ilikuwa nzima, na dereva alikuwa ameambiwa ukweli na dashibodi yake siku zote hizo.

Mipira mipya niliipaka dizeli safi, nikakaza kwa mkono tu. Kisha nilijaza kwa pampu ya mkono huku skrubu ya juu ikiwa imelegea, mpaka mapovu yakaisha na pampu ikawa ngumu. Chujio la pili, lile dogo lililo jirani na injini, halijazwi kwa kumiminiwa mafuta ya kopo: chochote unachomimina upande wake wa ndani kimeshavuka karatasi, kinakwenda moja kwa moja kwenye pampu ya presha na nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini.

Kabla ya kuliweka hilo la pili jipya nililipasua la zamani. Hapa ndipo moyo unapodunda, kwa sababu ndipo unapojua kama maji yamevuka. Mfumo wa aina hii unafanya kazi kwenye presha ya bari 1,600, 2,000 na zaidi, na nafasi kati ya vipande vinavyosuguana ndani ya nozeli ni mikroni chache, wakati unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Dizeli ndiyo grisi ya vipande hivyo. Maji hayalainishi chochote, na tone likifika kwenye ncha ya nozeli yenye joto linageuka mvuke ghafla. Karatasi ya chujio la pili ilikuwa na unyevunyevu na imefura kidogo, bila kutu na bila maji ya kuonekana chini. Tulipima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, yalilingana. Lori hili liliponea chupuchupu.

Hadithi ya jasho la tenki

Injini iliwaka, ikatulia, mpira ule wa kuonyesha ndani haukuwa na povu hata moja. Mwenye gari alitaka liondoke jioni ile. Nilimwomba usiku mmoja zaidi, na asubuhi nilipofungua koki lilitoka tena dole moja la maji meupe kwenye chupa.

Kila niliyemweleza alinipa jibu moja: ni jasho la tenki. Tenki likiachwa nusu, hewa iliyomo inapoa usiku, unyevu unashika kwenye kuta na kuteremka. Jambo hilo ni la kweli, linatokea. Ila lina kipimo. Hewa iliyoshiba unyevu kwenye joto la nyuzi 30 ina kama gramu 30 za maji kwa mita moja ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 20 inabaki na kama gramu 17. Tenki la lita 400 likiwa tupu kabisa lina sehemu nne za kumi tu za mita hiyo. Piga hesabu: usiku mmoja wa jasho unakupa gramu tano hivi, kijiko kimoja cha chai. Tenki likiwa nusu, nusu ya hapo. Nilikuwa nimeshatoa mililita 300 kwenye bakuli, bila kuhesabu zilizonywewa na mchanga. Jasho peke yake lisingefikisha hapo kwa wiki. Bado nashauri kujaza tenki kabla ya kulaza gari siku nyingi, maana utando ule wa kahawia hauhitaji maji mengi ili uanze. Lakini jasho limekuwa jibu la kufungia maswali, na linafunga hata yale yanayopaswa kubaki wazi.

Tulifungua plagi za chini za tenki zote mbili. La kushoto lilitoa matone machache na dizeli safi. La kulia lilitoa lita nne za maji, na vipande vya utando kama ngozi ya maziwa yaliyopoa.

Tofauti hiyo ilinifurahisha kuliko ugunduzi wowote wa siku zile. Tenki zote mbili hujazwa siku moja, bomba moja, kituo kimoja. Mafuta yangekuwa na maji tangu yaliponunuliwa, yangegawana. Jasho nalo lingegawana. Basi maji yaliingia kupitia kitu ambacho tenki la kulia linacho na la kushoto halina. Kwenye lori hili injini huvuta kutoka kulia na kurudisha kulia yale mafuta ya ziada, ambayo yanarudi yakiwa na joto. La kushoto ni la akiba. Kwa hiyo la kulia hushinda limepata moto, na jioni linapopoa, hewa iliyomo inasinyaa na kuvuta kutoka nje.

Kuvuta kupitia wapi? Mfuniko wa tenki hili umekaa ndani ya shimo, kama kifuniko ndani ya sahani. Mvua ikinyesha, au gari likioshwa, maji yanatuama kuuzunguka. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka, mgumu kama kucha, na una mwanya upande mmoja. Sikutaka kukisia. Tuliliendesha lori saa mbili mpaka tenki likapata joto, tukaliegesha, nikamimina kwenye sahani ile kikombe kidogo cha maji niliyoyatia rangi nyekundu. Asubuhi sahani ilikuwa kavu, na alama nyekundu zimeingia chini ya mpira, upande ule ule wenye mwanya. Nikafungua plagi ya chini. Matone ya kwanza yalikuwa mekundu.

Mlima sasa ulijieleza. Kwenye sakafu ya tenki hili lita nne ni safu ya milimita sita tu lori likiwa tambarare, na bomba la kuvuta limesimama upande wa nyuma, juu ya sakafu kwa sentimita tatu hivi. Tambarare linavuta dizeli. Kwenye mlima mkali maji yote yanakimbilia nyuma, yanarundikana, yanalifikia bomba, na bakuli linapata mgawo mpya. Likiwa limeinama, maji yanapanda upande wenye vijiti na taa inawaka. Kwenye mteremko yanaegemea upande wa pili, taa inazima, na dereva anashusha pumzi.

Tulibadilisha mpira wa mfuniko, tukatoa mafuta yote ya tenki la kulia, tukaliosha na kukausha. Mtu mmoja alipendekeza tumimine spiriti ili iyeyushe maji yaliyobaki. Nilikataa. Spiriti inayachanganya maji na mafuta ili yapite kwenye chujio, na mimi nilitaka yasipite. Yale maji machafu ya kwenye chupa na ndoo tuliyaweka kwenye pipa la mafuta machafu.

Utando haung’oki wote siku moja, kwa hiyo nilimwambia dereva chujio hili la sasa ni la wiki mbili tu, litajaa mabaki, asije akadhani tumeshindwa. Nilimpa chupa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, skrubu ya juu, koki robo, vidole viwili vya mafuta, funga, tazama. Siku ya tatu alileta chupa yenye matone mawili matatu yakizunguka chini kama shanga. Wiki iliyofuata, tone moja na unyuzi wa kahawia. Tulipobadilisha chujio baada ya wiki mbili, aliishika chupa mwenyewe juani, akaweka leseni yake nyuma ya kioo, akasoma namba moja baada ya nyingine mpaka mwisho.